Kata Arobaini za Kuamsha Pombe

Nkuhungu, Dodoma
9 Juni 2024

Bibi yangu mpendwa, mke mwenzangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kizingitini unagombana na mtu, maana hapo ndipo ninapojua u mzima. Mimi sijambo.

Nina habari mbili. Ya kwanza, ukoo wa Filipo umekubaliana na wajomba zangu. Watakuja hapo Ilolo Juu Jumamosi ya tarehe 24 Agosti, iwe ndiyo siku ya wakwe. Babu yake Filipo, Mzee Methusela, atapokea kata ya kwanza ya ujimbi, pombe yetu ya uwele, na nasikia ameanza kufuga sharubu upya kwa ajili hiyo. Unajua mwenyewe ilivyo: povu likikaa kwenye sharubu za mzee, tumepokelewa. Lisipokaa, watatuimba mpaka wajukuu zangu wazeeke.

Mama anaona umri wako ni wa kupumzika. Anataka pombe ya siku hiyo ipikwe na wifi yako, Bibi Jenifa. Nimemwambia mtungi wa siku yangu haupikwi na mtu mwingine isipokuwa wewe. Akanijibu nikuulize kwanza. Basi nakuuliza.

Ya pili, ile bia ya shayiri ninayotengeneza kwenye ndoo nikitoka kazini, nimeipatia mashine! Ulinifundisha kwamba togwa ikishapoa, kabla ya kutiwa kimea cha kuiumua, lazima ichotwe kwa kata na kumwagwa kutoka juu ya kichwa, mara arobaini, ili iamke. Nimesoma sababu yake. Hamira inataka hewa ndipo ipate nguvu. Basi nimechukua pampu ndogo ya umeme, ile ya tangi la samaki, nikaifunga mpira mwembamba, katikati nikaweka pamba ya kuzuia vumbi, na mwishoni jiwe lenye vitundu ambalo linakaa chini ya ndoo. Nachomeka, nakaa. Vipovu vinapanda vyenyewe. Robo saa kazi imekwisha, na mkono wangu haujui kama kulikuwa na kazi.

Bado unainua kata arobaini, Bibi?

Mjukuu wako,
Priska


Ilolo Juu
16 Juni 2024

Mbukwa, mke mwenzangu.

Marahaba. Niko kizingitini, na nagombana na wewe.

Usiniulize tena kwa nini sitaki simu. Hapa mtandao unapatikana pale kwenye mashine ya kusaga tu, juu ya kichuguu, na mtu akipanda kichuguu na simu kijiji kizima kinanyamaza kumsikiliza. Mambo ya mtungi wangu hayatangazwi juu ya kichuguu. Nina darasa la nne langu, nililitembelea kwa miguu, nitalitumia. Uwesu anapita na lori la mahindi kutoka Kibaigwa kwenda Majengo kila wiki. Barua inafika.

Sasa hiyo mashine. Nimeisoma mara tatu. Priska, umeilaza pombe wodini. Umeitia mpira, umeipa oksijeni, umekaa pembeni unaitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa habari mbaya. Togwa haiumwi! Imelala tu. Na mimi nilikufundisha kuiamsha ukiwa na miaka tisa, umesimama juu ya kigoda, kata inakupita kimo, na ulilowa mpaka viatu. Leo unaniambia mkono wako haujui kama kulikuwa na kazi. Mkono usiojua kazi ni wa nini? Wa kuvalia saa?

Mama yako mwambie hivi. Yeye nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili na alipoolewa pombe yake nilipika mimi. Nimepika ya kuezekea kanisa, na mchungaji hakuulizwa. Jenifa ni dada wa marehemu babu yako, namheshimu kwa hilo, na ni kwa hilo tu. Watu wakinywa pombe ya Jenifa wanarudi nyumbani na akili zao zote na kiu yao yote.

Tarehe 24 napika mimi. Kata arobaini, juu ya kichwa, mkono mmoja, kama siku zote. Povu litakaa kwenye sharubu za huyo mzee mpaka aombe kitambaa.

Mwandiko umelala upande kwa sababu meza ina mguu mfupi.

Ni mimi,
Paulina, mpishi


Nkuhungu
23 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimekoma.

Lakini naomba nikuulize jambo, na usimrukie Uwesu. Alipokuwa anashusha magunia Majengo aliniambia alipita kwako siku ya pombe ya mavuno. Anasema watu walitoka mapema, jua liko juu, wanatembea wamenyooka, wanasalimiana kwa adabu. Yeye alidhani kuna msiba.

Kuna tatizo, Bibi?

Na hiyo meza naijua. Babu aliipigia miguu ya chuma mwenyewe, kiwandani kwake pale uani, na hakuna mguu mfupi.

Priska


Ilolo Juu
2 Julai 2024

Mke mwenzangu,

Mwambie Uwesu kazi yake ni mahindi.

Pombe ya mavuno ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya upole. Watu wa hapa hawakuzoea pombe ya upole, wakipewa hawajui la kufanya, wanasalimiana. Halafu uwele wa mwaka huu ulikuwa mchanga, upepo ulivuma kutoka upande mbaya, na mtungi ulisogezwa na mtu simjui. Nimekupa sababu tatu, chagua.

Meza haina tatizo. Ni kiti ndicho chenye mguu mfupi. Ulisoma vibaya.

Sasa kuna jambo. Kuna mwanamke mmoja hapa kijijini, simtaji jina. Mtu mzima, anaheshimika sana, mpishi hodari. Bega lake la kulia limekufa. Tangu Pasaka mkono haupandi kupita titi. Kata anaimwagia hapa kifuani, inaingia mtungini kimya kimya kama mwizi, haina sauti, haina povu. Togwa haiamki. Inakaa siku tatu imenuna, halafu inachacha. Mwanamke huyu alipanda juu ya kinu ili awe mrefu, akaanguka. Hakuumia. Nilikuwepo.

Ana shughuli kubwa mbele yake na hataki mtu ajue, kwa sababu watu wakijua mpishi ameshindwa mtungi mmoja wanamvua mitungi yote, wanampa kiti kivulini na kikombe cha uji, wanamwita Bibi kwa sauti ile ya kusemeshea wagonjwa. Unaijua sauti ile. Mama yako anayo.

Nikamwambia nina mjukuu mjinga aliyetengeneza mashine. Hakucheka. Ameniomba nikuulize kama inawezekana mahali pasipo na umeme.

Nauliza kwa huruma tu. Mimi mwenyewe sihitaji.

Paulina


Nkuhungu
8 Julai 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Mpe pole sana huyo mama.

Mwambie umeme si lazima. Anachotaka ni kitu cha kusukuma hewa, na njia ya kuipitisha, na mwisho wake hewa itoke vipande vidogo vidogo. Pampu ya baiskeli inatosha. Ila aondoe grisi yote, na mpira auchemshe kwanza. Katikati ya mpira aweke pamba kavu ili hewa iache vumbi humo, maana vumbi letu likiingia tu, mtungi umechacha. Kama hana jiwe kama langu, atafute kitu chochote chenye vitundu vidogo kama vya sindano. Togwa iwe imepoa kabisa, akitia kidole kisishtuke. Na akishaweka kimea na togwa ikaanza kuumuka, mpira atoe, asiipe hewa tena hata kidogo. Hewa ya mwanzo inaipa nguvu. Hewa ya baadaye inaiharibu.

Tena aende hospitali akaonyeshe hilo bega. Mwambie ana mjukuu ambaye angempeleka leo hii kama angeruhusiwa kujua.

Nakupenda, na kiti chako pia,
Priska


Ilolo Juu, kwenye karakana ya baiskeli
15 Julai 2024

Kwa Dada Priska,

Assalaam alaykum, au tuseme tu habari za huko. Ni mimi Habibu, fundi baiskeli, niliyehamia hapa kutoka Kondoa wakati wewe ukiwa darasa la sita. Samahani kukuandikia bila kuzoeana.

Bibi yako amechukua kwangu pampu moja na mipira ya ndani miwili. Nikamuuliza, "Bibi, una baiskeli?" Akasema, "Wewe una ng'ombe?" Nikasema sina. "Mbona unakunywa maziwa?" Nikampa pampu.

Siku ya pili akarudi anataka nimtolee grisi. Nikamwambia pampu bila grisi haivuti. Akasema, "Nimekuomba ufundi au mawaidha?" Nikaitoa.

Dada, mimi pombe sinywi na sishiki, na hapa watu wanajua. Jana nimepita uani kwake nimeona pampu yangu imechomekwa kwenye mtungi. Sikuuliza. Nimemwambia mke wangu Hamida, naye akasema kwa kuwa sikuuliza basi sijui, na kwa kuwa sijui niko salama. Wewe msomi, unaonaje?

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni kingine. Pampu aliipokea kwa mkono wa kushoto. Bibi Paulina! Aliyewahi kunichapa kofi la mgongo, mimi mtu mzima na ndevu zangu, kwa kumpa chumvi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameufunga ndani ya kanga, anasema una baridi. Mkono mmoja tu una baridi?

Usimwambie nimekwambia.

Habibu


Ilolo Juu
22 Julai 2024

Priska,

Yule mwanamke amekasirika, na lawama nabeba mimi.

Alifanya yote uliyosema. Pampu aliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Jiwe hakuwa nalo, akakata shingo ya kibuyu, akaziba mdomo wake kwa nta, akaitoboa kwa sindano ya moto vitundu mia na zaidi, kazi ya asubuhi nzima, na ni kazi nzuri kuliko hilo jiwe lako la dukani, nimeiona kwa macho. Lakini ndani ya pampu kuna kingozi cha duara, ndicho kinachosukuma hewa. Bila grisi kikakauka, kikawa kinalia kama paka na hewa haiendi. Wewe hukusema neno kuhusu ngozi. Sasa mwanamke wa Kigogo akiona ngozi imekauka anafanya nini? Anaipaka samli. Akaipaka samli. Ya mwaka jana, iliyokomaa.

Togwa iliamka, hilo nalikubali. Iliumuka mpaka mtungi ukawa unasema peke yake, mara ya kwanza tangu Pasaka, na yule mwanamke akalia. Kidogo, si sana. Lakini juu yakaelea mafuta kama mchuzi wa Krismasi, na povu halikukaa hata muda wa kupiga chafya. Akawaita wazee watatu waonje. Wa kwanza akasema ina ladha ya mkia wa kondoo. Wa pili akasema hapana, ni mnyororo wa baiskeli. Wa tatu akaomba ugali.

Ndiyo mashine yako hiyo. Mmesoma mpaka mkasahau ngozi.

Halafu nasikia fundi Habibu amenunua bahasha. Fundi baiskeli ana haja gani na bahasha?

Mwandiko huu ni kosa la kalamu.

Paulina


Nkuhungu
28 Julai 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeisomea barua yako ofisini, nimecheka mpaka wakaniuliza kama nimepata habari za kupandishwa cheo.

Mwambie yule mama samli ndiyo iliyoua povu. Mafuta yakigusa pombe tu, povu linazama. Mwambie pia kosa ni langu, nilisahau kingozi. Na hiyo pampu aachane nayo, bila mafuta haifanyi kazi na ikiwa na mafuta haitufai. Anachohitaji ni kitu kinachosukuma hewa kikiwa kikavu. Sijui ni nini. Nafikiri na mimi.

Sasa nakuomba usirushe kitu. Mama amekwenda kwa Bibi Jenifa bila kuniambia. Bibi Jenifa ameshaloweka uwele wa kimea, eti "kwa tahadhari." Mama anasema tarehe 10 Agosti ndiyo mwisho. Asiposikia kwa mdomo wako mwenyewe kwamba unaweza, mtungi unahamia kwa Bibi Jenifa.

Niandikie kweli, Bibi. Mimi si mama.

Priska


Ilolo Juu
4 Agosti 2024

Mke mwenzangu,

Nilikwenda kwa Jenifa. Nimekuta kimea kimeanikwa ua mzima, hakuna pa kukanyaga. Nikamwambia, "Wifi, hiki cha nini?" Akasema, "Cha uji, wifi." Uji! Uji wa kulisha jeshi la nchi gani? Nikamwambia uji mwema nikaondoka, na kuku wake wawili wakanifuata, wala sikuwaita.

Sasa sikiliza. Yule mwanamke alikaa siku mbili anafikiri. Kitu cha kusukuma hewa, kikavu, bila mafuta. Siku ya tatu akaingia stoo kutafuta jembe, akatazama ukutani, akaona mivukuto ya babu yako, ile aliyokuwa anafukutia moto wa kuhunzia. Mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, imening'inia hapo tangu tulipomzika. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa babu yako hakuniruhusu niiguse. Mwanamke akigusa mvukuto chuma kinapasuka, ndivyo wahunzi wote walivyosema, na mimi nilimpelekea chakula nikasimama mlangoni kama mgeni, miaka arobaini na mmoja.

Nimerudia kusoma hapo juu. Nimeona nilichoandika. Karatasi ni ya mwisho, na sifuti. Basi.

Nilikwenda kaburini kwanza. Nikamwambia, "Zablon, naigusa. Kama una neno, sema." Akanyamaza. Katika uhai wake hakuwahi kunyamaza nikimuuliza kitu, nikajua amekubali.

Nimeiosha kwa maji ya majivu mara nne, nimeianika siku mbili mpaka harufu ya beberu imekwisha. Kwenye mdomo wake nimefunga mpira wa ndani wa Habibu, ndani nimeweka pamba, mwishoni ile shingo ya kibuyu. Mkono hautakiwi kabisa. Nimekaa kwenye kigoda, mfuko uko chini ya kisigino, kamba nimeifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Nikikanyaga unatoa, nikiinua unavuta. Kama fundi cherehani. Na sauti yake, Priska! Ni sauti ile ile ya asubuhi zangu zote, fuu, fuu, yuko kiwandani, nami najua chai bado mapema. Niliendelea kukanyaga hata kazi ilipokwisha.

Nimejaribu kwa chungu kidogo. Imeamka. Sharubu hazikuwa karibu, nikachovya ndevu za beberu wa jirani. Povu lilikaa mpaka akamaliza kula kamba yake.

Lakini mguu wangu wa kulia nao unasinzia. Mguu mmoja unatosha chungu. Mtungi wa watu mia na ishirini unataka mifuko yote miwili, kwa zamu, bila kupumzika. Nimejaribu, nimekwama katikati. Na leo ni tarehe nne.

Hiyo ndiyo kweli uliyoitaka. Haina ladha nzuri.

Bega linauma. Naandika kwa kushoto.

Paulina


Nkuhungu
9 Agosti 2024

Bibi yangu, mke mwenzangu, mwanamke mmoja,

Shikamoo. Nilijua tangu ulipoanguka kwenye kinu. Ilolo Juu nzima, ni nani mwingine anayeanguka halafu anatoa ushahidi kwamba hakuumia?

Na mimi nina kweli yangu, kwa kuwa tumeanza. Bia yangu haijawahi kunyweka. Hata ndoo moja. Mashine inatoa vipovu vizuri sana, ni kweli, lakini lile jiwe sikuwahi kulichemsha, na nilipolipasua wiki iliyopita ndani lilikuwa na ukungu wa kijani kama kisima cha zamani. Ndoo sita zimechacha. Filipo anakunywa amefumba macho, anasema kila ndoo ni bora kuliko iliyotangulia. Ndiyo maana naolewa naye. Tatizo ni kwamba amewatangazia kwao kuwa mke wake ni mpishi kama bibi yake, na Mzee Methusela ameniagizia kwamba kata ya kwanza nimpe mimi kwa mkono wangu, aone kama ni kweli. Kwa hiyo tarehe 24 anayeimbwa si wewe peke yako.

Jana nimempigia mama. Nimemwambia mtungi ni wa Bibi na mguu wa pili ni wangu. Akauliza mguu wa nini. Nikamwambia njoo uone. Akasema tarehe 10 iko pale pale, anataka kusikia kwa mdomo wako. Panda kichuguu, Bibi. Uwesu amekubali kushusha barua hii leo na kukupa simu yake.

Nimeomba likizo kuanzia tarehe 17.

Priska wako


Ilolo Juu
12 Agosti 2024

Mke mwenzangu,

Nilipanda kichuguu. Wote walinyamaza, hata mashine ya kusaga ilizimwa ili wasikie vizuri. Nikamwambia mama yako, "Bega langu limekufa na pombe napika mimi." Nikasema kwa nguvu ili walio nyuma nao wapate. Nikashuka. Hakuna aliyeniletea uji.

Njoo na pamba mpya na miguu iliyooshwa. Kiatu cha kisigino usije nacho. Jiwe lako lizike huko huko.

Ndoo sita, Priska! Na ulikuwa unanifundisha.

Paulina


Ilolo Juu
8 Septemba 2024

Mke mwenzangu uliyenikimbia,

Mbukwa. Natumaini Filipo anakulisha.

Njoo umchukue mkwe wako. Mzee Methusela alirudi hapa tarehe 27, anasema amesahau kofia. Kofia iko kichwani. Nikamwonyesha. Akasema basi ni fimbo. Ni siku ya kumi na tatu leo anatafuta fimbo, na kila asubuhi anaanza kuitafuta karibu na mtungi. Sharubu hajaziosha tangu ile siku ulipompa kata ukampaka povu mpaka puani, ukoo mzima ukapiga vigelegele na yeye akakataa kitambaa. Anasema anazitunza kama ushahidi.

Mama yako alinipeleka hospitali. Daktari, kijana mdogo, akauliza nimeliumiza vipi hili bega. Nikamwambia kata arobaini, mitungi kumi kwa mwaka, miaka hamsini. Akaandika, akafuta, akaniuliza tena. Amenipa mazoezi ya kupandisha vidole ukutani kama mjusi. Nafanya. Umeona mwandiko? Huu ni wa kulia. Umelala upande vile vile. Nimegundua ndio mwandiko wangu.

Habibu amekuja kunikabidhi mpira mwingine wa ndani. Nikamuuliza wa nini, akasema yeye hajui na hajauliza.

Sasa nikwambie la jana. Jenifa amekuja. Amevaa kanga mpya, amekaa, amesifia kuku wangu, ambao wawili ni wake. Nikasubiri. Mwishowe akakohoa akasema, "Wifi, kuna mwanamke mmoja, simtaji jina, mtu mzima, anaheshimika. Mikono yake yote miwili inamsumbua siku hizi. Kata haipandi. Ana kimea kingi sana kimebaki, na hajui afanyeje. Ameniomba nikuulize kuhusu ile mashine ya kaka yangu."

Priska, nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo ya miaka mingi, yamepangwa vizuri, na nafasi kama ile hairudi. Nikamtazama. Mikono kaiweka mapajani, ameifunga kwenye kanga. Yote miwili ina baridi.

Nikamwuliza, "Huyo mwanamke miguu yake ikoje?"

Akasema, "Mizima, wifi. Miguu ni mizima kabisa."

"Wa kulia?"

"Hasa wa kulia."

Nikamwambia basi aje kesho asubuhi na kimea chake, mfuko wa kulia hauna mtu tangu mjukuu wangu alipoolewa. Na aoshe miguu. Na mtungi utaitwa wangu.

Amekubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Tumegombana mpaka jua limezama, hapa hapa kizingitini, na hatujamaliza. Kesho tutaendelea, tukikanyaga.

Ni mimi,
yule mwanamke